Siku Mwenye Nyumba Alipotoroka

Nakumbuka siku moja tukiwa tunaezeka nyumba ya mdogo wangu Meshaki, kijijini kwetu mbele ya Msalato, mwenye nyumba mwenyewe akatoroka. Watu zaidi ya ishirini wamekuja, udongo unapandishwa juu ya paa kwa makarai, nyimbo zimekolea, na mimi kaka mtu najizungusha kama bwana harusi. Kumwita Meshaki apokee fito, hayupo.

Mwanangu, nikueleze kwanza alikotoka. Meshaki alikunywa gongo mpaka kazi ikamshinda, mke akaondoka, na kwa miaka miwili akawa analala barazani kwa maduka ya sokoni mjini. Kisha akaacha. Alikaa miezi kadhaa kwa watu wa kanisa wanaosaidia walevi, akarudi kwangu amekonda, lakini macho yametulia. Nilifurahi mno. Nikasema, mtu asiye na kwake atarudi barabarani tu, basi nitamjengea. Na nisikufiche, nilitaka pia kusifiwa.

Wewe umezaliwa enzi za bati na mafundi, huenda hujui. Nyumba ya tembe, hii ya paa la udongo, haijengwi na mtu mmoja. Unaalika kijiji, na kijiji hakipandishi udongo koo likiwa kavu. Mke wangu akapika pombe ya mtama, mitungi minne, tukaipanga katika chumba cha kulala cha Meshaki kilichotangulia kuezekwa, maana ndiko kulikokuwa na ubaridi. Ndiyo, chumbani mwake. Sikuona kasoro yoyote. Meshaki naye alisaidia hata kuibeba.

Alipotoweka nilipandwa na hasira. Shukrani ya punda ni mateke, nikawaambia watu, nao wakacheka. Niliamini kaenda kulewa mjini. Ila jambo moja halikuniingia akilini: mlevi gani anakimbia mitungi minne iliyo nyumbani kwake akatafute pombe mjini? Nililala na swali hilo, nikaamka nalo.

Asubuhi nikapanda baiskeli mpaka sokoni. Nikamkuta pale pale pa zamani, kakaa juu ya boksi lililokunjuliwa. Nikainama, nikausogeza uso wangu karibu na wake. Alielewa ninachofanya.

"Nusa tu, kaka," akasema, akafungua mdomo.

Hakunuka pombe hata kidogo. Mpaka leo nikikumbuka naona aibu. Nikamuuliza, "Sasa hapa unafanya nini, na jana watu walikuwa kwako wanaezeka?"

"Hapa wakinipa naweza kukataa, kaka. Kule ningekataaje? Pombe ya nyumba yangu mwenyewe. Mwenye shughuli asipoonja kwanza, nani atakunywa?"

Desturi yetu ndivyo ilivyo, na mimi nilikuwa naijua tangu utoto. Nyumba niliyoijenga ili asilale barabarani ndiyo iliyomrudisha barabarani. Hapo nilikosea nini, na nilitenda wema upi? Nilikokota baiskeli njia nzima nikishindwa kuvitenganisha.

Nikapitia kwa shangazi Mele aliyetulea, nikitegemea anipoze. Alikuwa anapepeta uwele, wala hakuuweka chini ungo wake.

"Ulimuuliza?" akasema.

"Nimuulize nini, shangazi?"

"Lolote."

Akaendelea kupepeta. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," akasema. "Wewe umemtandikia mwenzio, ukamwamuru alale."

Paa lililobaki tuliliezeka kwa uji badala ya pombe. Nilialika tena, wakaja wanne, na mmoja akaondoka alipochungulia chungu. Mvua ikatuwahi, upande mmoja ukavuja. Lakini Meshaki alirudi akashika karai, akaishi humo. Alirudi kuanguka katika pombe mara mbili baadaye, akainuka mara mbili, na kila mara nilichanganyikiwa kama mgeni wa jambo hilo. Nisikudanganye kwamba nimeshaelewa.

Sasa umeniambia rafiki yako anatoka kwenye nyumba ya matibabu ya dawa za kulevya, atakuja kukaa nawe kule Kikuyu mjini, na umeshapanga sherehe ya kumpokea. Moyo wako mzuri, mwanangu. Ila muulize kwanza. Muulize ndani ya nyumba yako anaogopa nini, na akikitaja kiondoe, hata kama ni desturi ya babu yako, maana desturi haifi kwa kuachwa siku moja. Mpe kazi ya mikono yake na ufunguo wake. Akianguka, mpe chakula kabla ya maswali. Na usipoelewa, nawe mara nyingi hutaelewa, kaa naye hivyo hivyo bila kuelewa.

Mungu akutangulizie masikio kabla ya mikono. Akupe subira ya kupoteza sifa. Na huyo rafiki yako alale kwako usingizi mzito, asitamani tena baraza la mtu.