Vitumbua vya Bibi Theopista

Bibi Theopista alikuwa mpishi wa uji wa shule kijijini kwetu, kwenye tambarare ya Mpimbwe. Kumwonyesha mgeni sufuria tupu hakuweza, kama vile wengine tusivyoweza kuruka. Alipofiwa na mume, waombolezaji walikula wakasaza, yeye akashinda njaa. Tulimtania kwamba hata mwizi akiingia kwake atakaribishwa ugali kwanza. Hakukasirika. "Na mboga je?" aliuliza.

Mwaka 1974 mvua ilitunyima. Mpunga ulitoa makapi, mahindi yakakauka yakiwa kimo cha goti. Watoto wengi walikula mara moja tu kwa siku, na chakula chenyewe ni ule uji wa shule. Romana, mjukuu wa Bibi Theopista aliyekuwa darasa la pili, alikuwa mmoja wao. Gunia la mwisho la unga lilipofika nusu, Mwalimu Ponsian, mkuu wa shule, aliiita kamati yetu ya wazazi.

"Siku ya Wazazi anakuja mgeni kutoka wilayani," alisema. "Yeye ndiye atakayeamua kijiji gani kipewe unga wa yanga." Ndivyo tulivyouita unga wa njano wa msaada. "Tukiukosa, nafunga shule. Siwezi kufundisha watoto wanaoanguka. Kwa hiyo tumpe uji mwepesi, aone hali ilivyo."

Bibi Theopista alisimama. "Nyie mna wazimu? Mtu atoke Mpanda na vumbi lote lile, aje kutazama mafiga? Mgeni njoo, mwenyeji apone, si ndivyo tunavyosema? Akishiba atatuhurumia."

Tungemkatalia, wallahi tungemkatalia. Lakini aibu ya kuitwa wachoyo ilitushika wote, tukakubali.

Basi akapanga sikukuu. Mbele ya darasa la kwanza vikajengwa vibanda vya nyasi: cha vitumbua, cha kambale wa kuchoma, cha mihogo na asali. Uwanjani kukawa na mbio za magunia, kuvuta kamba, na kurusha pete za ukindu kwenye chupa, mshindi apate kitumbua. Mchele wa vitumbua ulitoka wapi? Ulitoka kwenye mitungi ya mbegu. Wa kwanza kuufungua wake alikuwa yeye, nasi tukafuata, kila mmoja akiogopa kuwa wa mwisho.

Mgeni, Ndugu Kalisti, alikuwa mtu mchangamfu, sina ubaya naye. Alikula kwenye vibanda vyote. Mbio za magunia zilipoanza, watoto walidondoka kabla ya nusu ya uwanja, mmoja baada ya mwingine, kwa kukosa nguvu. Yeye alicheka mpaka akafuta machozi. Romana alianguka akabaki pale pale, shavu mchangani. "Huyu mchekeshaji hasa!" alisema mgeni, akampigia makofi. Nilitamani kulia.

Kisha akasimama kuhutubia. "Ndugu zangu, huko nilikopita watu wanalia njaa. Nyie mmejitegemea. Unga wa msaada nitawapelekea wenye shida."

Mwalimu Ponsian aliruka. "Ndugu, mchele huu ni mbegu! Hatuna kitu!"

"Mwalimu, usiwaaibishe akina mama hawa. Nimekula mwenyewe." Akamgeukia mpishi, aliyesimama karibu naye na sinia. "Bibi yangu, sema kweli. Hapa kuna njaa?"

Bibi Theopista alimtazama Romana, ambaye Mwalimu alikuwa amembeba begani. Neno moja tu lilitakiwa, na mgeni alikuwa na sahani tupu mkononi.

"Ongeza kitumbua, baba," alisema.

Shule ilifungwa wiki iliyofuata. Watoto waliingia porini kuchimba mizizi, na sufuria kubwa ya uji ikafunikwa kifudifudi jikoni.

Mvua ilirudi mwaka huohuo, mvua nzuri, ya kulowesha mabonde yote. Hatukuwa na punje ya kupanda. Nilimkuta Bibi Theopista amekaa mlangoni kwake akiitazama mvua, Romana amemlalia mapajani, mwepesi kama kuni kavu.

"Bibi," mtoto aliuliza, "yule mgeni atarudi?"

Bibi Theopista alishtuka, akageuka kutazama ndani ya nyumba, kwenye mtungi mtupu wa mbegu.

"Mungu wangu," alisema. "Akirudi tutampa nini?"