Sekunde Mbili za Bwana Subiri

Kama umehitimu katika chuo cha uuguzi kilicho nyuma ya mtaa wetu, basi mjomba wangu amewahi kukugandisha jukwaani. Unapokea cheti, mkono wako uko ndani ya mkono wa mkuu wa chuo, unatabasamu, na yule mtu mwembamba aliyepiga goti chini ya jukwaa anakwambia, "Subiri kidogo, inajaa." Unasubiri. Mkuu naye anasubiri, hajaachia mkono wako. Halafu flashi inawaka, mnaachiana, anaitwa mwingine.

Ndiyo maana watu wanamwita Bwana Subiri. Ni miaka ishirini na miwili sasa. Hata barua za chuo zinakuja na jina hilo, na yeye huzipokea bila kununa.

Mjomba ni mdogo wake mama, kitindamimba wa bibi. Studio yake ni chumba kimoja chenye pazia la bluu, stuli moja, kioo, na kitana kilichofungwa kwa kamba ili wateja wasiondoke nacho. Picha za vyeti na vitambulisho ndizo zinazomlisha. Ana mkono mtulivu kuliko mtu yeyote ninayemjua. Anaweza kumimina chai huku anaangalia dirishani asimwage hata tone.

Mimi ni mtu wa maswali, kwa hiyo siku moja nilimuuliza kwa nini flashi yake inachelewa vile.

"Mwanga hautoki kwenye betri moja kwa moja," alisema. "Humu ndani kuna kitu kama ndoo. Betri ni bomba. Ndoo ikijaa, taa hii ndogo nyekundu inawaka, nabonyeza, maji yote yanamwagika kwa mpigo mmoja. Pwaa! Halafu tunaanza kujaza upya."

"Sasa bomba lako mbona kama limeziba?"

"Limezibwa na maswali yako."

Bomba lake lilikuwa betri za kawaida, zile nne nne zinazoning'inia dukani karibu na viberiti. Zikiwa mpya, flashi ilijaa kwa sekunde sita. Baada ya picha thelathini ilikuwa sekunde kumi. Mwisho wa sherehe, kumi na mbili na zaidi. Mgeni mmoja aliwahi kuuliza kwa sauti kama tunasubiri picha au tunasubiri kuzeeka. Isitoshe, mjomba hupiga kwa nguvu kamili siku zote. Fundi aliyemfundisha, enzi za filamu, alimwambia picha ya ukumbini lazima ing'ae kama mchana, na mjomba hajawahi kuligusa lile gurudumu la flashi la kupunguza nguvu. Sidhani hata kama linazunguka.

Sasa nieleze habari ya ukuta wa bibi, maana bila huo hutaelewa kilichotuuma.

Sebuleni kwa bibi kuna misumari mitano, mmoja kwa kila mtoto wake. Mtoto akipata cheti, picha yake inatundikwa kwenye msumari unaofuata. Lakini bibi hataki picha ya mtu amesimama peke yake na karatasi mkononi. "Hiyo anaweza kuwa ameiokota," husema. "Nataka nione mkono wa anayempa." Kwa hiyo picha zote nne zilizopo ni za watu wawili walioshikana mikono, cheti katikati yao.

Msumari wa tano ni wa mama. Mama aliacha shule kidato cha pili, babu alipougua, ili mdogo wake aendelee. Mdogo wake ndiye mjomba. Picha yake ipo pale, msumari wa nne, shati limemzidi. Baada ya hapo mama alipiga deki katika kituo cha afya kwa miaka kumi na saba, akiwatazama wauguzi wakipita juu ya sakafu yake yenye maji. Alipofika miaka thelathini na tisa alirudi shule. Tulikuwa tunafanya kazi zetu za nyumbani kwenye meza moja, mimi na yeye, tunagombania rula. Mwaka huu, akiwa na miaka arobaini na minne, alikuwa anahitimu uuguzi.

Katika chuo hichohicho, na mpiga picha ni yuleyule.

Jumamosi moja kabla ya mahafali mjomba aliniita studio. Mezani palikuwa na chaja na betri nane za kuchaji, bado zinanukia upya.

"Wapiga picha wote wa siku hizi wanatumia hizi," alisema. "Shika saa."

Alibonyeza. Flashi ikawaka. Nikahesabu: moja, mbili. Taa nyekundu!

"Mjomba! Sekunde mbili!"

"Rudia."

Akapiga stuli, akapiga kitana, akapiga pua yangu. Mbili, mbili, mbili. Alicheka kama mtoto aliyepata baiskeli. "Dada hatasubiri," alisema. "Wengine nimewasubirisha, lakini dada amesubiri vya kutosha."

Mimi nilikuwa nimekaa chini nasoma kile kijitabu cha maelekezo kilichokuja na flashi, kurasa zake bado zimeshikana kwa kutofunguliwa.

"Mjomba, hapa wanasema ukipiga mara ishirini mfululizo kwa nguvu kamili, uiache ipoe dakika kumi."

"Umewahi kuniona nimepiga ishirini na ikapata moto?"

"Hapana."

"Basi. Hivyo vitabu ni vya kuwatisha wanaoanza."

Na ilikuwa kweli. Miaka yote ile haijawahi kupata moto. Nikakirudisha kijitabu ndani ya boksi.

Siku ya mahafali walikuwa wahitimu thelathini na wanne, wote na sare nyeupe, na mama alikuwa wa ishirini na moja. Bibi hakuweza kuja kwa sababu ya miguu. Mimi nilikaa safu ya pili, pembeni, karibu na mjomba. Ukumbi ule una mapazia mazito na dari iliyoingia weusi. Bila flashi, mtu wa jukwaani ni kivuli tu.

Alipoitwa wa kwanza, mkuu wa chuo, mama mmoja mrefu mwenye sauti ya upole, alimshika mkono akaganda kama kawaida. Pwaa. Mkuu akaendelea kuganda.

"Tayari, mama," mjomba akasema.

"Tayari?"

"Na nyingine." Pwaa!

Mshereheshaji akadaka kipaza sauti. "Jamani! Leo Bwana Subiri hasubirishi mtu! Ameoa upya nini?" Ukumbi ukaangua kicheko, na mjomba akasimama akainama kama mwanasiasa.

Basi ikawa mbio. Zamani mjomba alipiga picha moja kwa kila mtu. Sasa alipiga mbili, mara nyingine tatu. Mshereheshaji naye akakaza mwendo, jina juu ya jina. Na mkuu wa chuo, nilimwona kwa macho yangu, alijifunza upya ndani ya watu sita tu: shika, tabasamu, pwaa pwaa, achia. Mkono alioushikilia kwa miaka ishirini na miwili akawa anauachia kama kitu cha moto.

Kwenye mtu wa kumi na tano nilisikia harufu. Ilikuwa kama pasi iliyosahauliwa juu ya nailoni.

"Mjomba, unanuka wewe au kamera?"

"Nyamaza, nafanya kazi."

Mtu wa kumi na nane, pwaa moja tu. Mtu wa kumi na tisa, kimya. Mjomba akabonyeza tena, kimya. Akaigeuza flashi. Kwenye kioo chake kidogo palikuwa na alama ambayo sikuwahi kuiona: kipimajoto chekundu, kinapepesa.

Alifungua kimlango cha betri, na zile betri zikamwangukia kiganjani, akazitupa chini zimemchoma. Zikabingirika chini ya viti vya wazazi. Akatoa mfukoni nne za zamani, za dukani, alizokuja nazo kwa mazoea tu. Akaziingiza, moja akaigeuza vibaya, akaitoa, akairudisha. Akawasha.

Kipimajoto kikapepesa palepale.

Mtu wa ishirini alikuwa anashuka ngazi. Mshereheshaji akasoma jina la mama.

"Subiri kidogo!" mjomba akaita. "Jamani, subiri!"

Ukumbi ukacheka. Kwa nini wasicheke? Wimbo wake wameuzoea. "Leo hakuna kusubiri, mzee," mshereheshaji akajibu. "Tumeshaonja utamu!"

Mimi nilisimama. Sijui nilisimama nifanye nini. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na miguu, na jukwaa lilikuwa hatua kumi tu, lakini nilisimama tu pale kama nguzo ya umeme.

Mama alipanda. Alitembea polepole kuliko wenzake wote. Alipokea cheti, akaushika mkono wa mkuu, akageuza uso kwetu. Alitabasamu tabasamu lake la kweli, lile linaloonyesha pengo la pembeni analolificha siku zote. Mjomba aliiacha flashi, akafungua lenzi mpaka mwisho, akashika pumzi, akabonyeza. Kamera ikasema ka, ikanyamaza, kisha ikasema cha. Baina ya ka na cha hata mimi nilijua. Kamera inapokosa mwanga inafungua jicho muda mrefu, na ndani ya muda huo mkuu alishaachia mkono, na mama alishageuka.

Walipita wengine wawili. Halafu taa nyekundu ikawaka, sawasawa kabisa, kama vile hakuna kilichotokea. Kidole cha mjomba kilibonyeza chenyewe. Pwaa! Mwanga ukaangaza ubao mtupu wa jukwaa.

Nje, uani, mkuu wa chuo mwenyewe alitufuata. Alikuwa na roho nzuri. "Bwana Subiri, nasikia palitokea shida. Tunaweza kurudia hapahapa, mimi nipo."

Mjomba akamtazama mama kwa macho ya kuomba.

"Dada, dakika moja tu. Mpe cheti akupe tena."

"Nimeshapewa," mama alisema.

"Dada."

"We mtoto, nimeshapewa. Nikirudi kwa mama na picha ya kuigiza, nitamwambia nini? Kwamba nilimrudishia huyu mama cheti changu ili anipe kwa ajili ya ukuta?" Akamgusa shavu. "Niliona taa haijawaka. Nikaushikilia mkono wake kidogo. Nikaona aibu kuung'ang'ania zaidi."

Mjomba aliibeba flashi kwa mikono miwili mpaka nyumbani.

Jumatatu nilimuuliza mwalimu wetu wa fizikia. Akanichorea. Betri za dukani zina ukinzani mkubwa ndani yake, umeme unatoka kwa kujivuta, ndiyo maana ndoo inajaa taratibu. Zile za kuchaji zinauachia umeme wote kwa kishindo. Lakini kila mpigo unaacha joto kwenye kichwa cha flashi, na joto halina habari umetumia betri gani, linataka muda tu. Ukipiga haraka, linarundikana. Flashi ikiona inakaribia kuungua, inajifunga yenyewe, na hapo hata uiwekee betri za dhahabu haiwaki.

"Kwa hiyo zile za zamani, kwa ubovu wake, zilikuwa zinampumzisha?" nikauliza.

"Bila yeye kujua."

"Na angezungusha lile gurudumu, akapiga kwa robo ya nguvu?"

"Angemaliza wote thelathini na wanne."

Nilitamani ningekuwa sijauliza. Mpaka leo sijamwambia mjomba habari ya gurudumu. Labda anajua. Nadhani anajua.

Miezi minne imepita. Nikitoka shule napitia studio. Picha ya mama iko kwenye kompyuta yake, faili lake hajalifunga hata siku moja. Akiiongezea mwanga, inajaa chengachenga kama mchanga. Akiipunguza, mama anazama gizani. Cheti kinaonekana vizuri, ni cheupe. Uso una pua mbili. Mahali pa kushikana mikono pana ukungu tu, huwezi kusema nani anaachia na nani ameshika.

"Leta tu hivyohivyo," mama humwambia kwenye simu. "Mimi najijua."

"Subiri kidogo," mjomba anajibu. "Nairekebisha."

Na mama anasubiri, kwa kuwa amezoea.

Kwa bibi hakuna aliyeeleza kitu. Kila Jumapili anapangusa picha zake kwa kitambaa chenye maji, moja baada ya nyingine, huku anaita majina yao. Akifika msumari wa tano, anaupangusa pia, anaita jina la mama, kisha ananigeukia.

"Huyo mjomba wako, betri zake hazijajaa tu?"

"Bado, bibi."