Udongo wa Mahameni

Mwanatatu wa Jomvu Kuu alikuwa na ulimi mkali na mkono wa baraka, ingawa mwenyewe akisema baraka hiyo si yake, ni ya mahame. Shamba alilorithi kwa mamake lilikalia mji wa kale, uliohamwa zamani hata majina ya wenyewe hayajulikani. Ukitia jembe, hutoka vigae, maganda ya chaza na udongo mweusi wenye majivu. Mchicha ulimea humo pasi na mbolea ya gunia, nao ndio uliomlea nduguye mdogo, Rama, ambaye kwa uanaume wake hati ya shamba iliandikwa jina lake.

Mwaka wa 1991 huyo Rama akapandwa na wazimu wa maendeleo. Mwenye malori mmoja alilitaka shamba afanye yadi, awape wao yadi yake kuukuu ya Miritini, kando ya barabara.

"Ardhi ni ardhi, dada."

Ardhi ni ardhi! Hebu msikilizeni!

Mwanatatu alimwendea Phineas, bwana shamba, amsaidie kubisha.

"Mama, udongo una vijidudu visivyoonekana. Hivyo ndivyo wapishi wa mmea," Phineas akamwambia. "Kule wamemwaga oili chafu miaka kumi. Zika vipande viwili vya bafta, nguo ya pamba tupu, kimoja huku, kimoja kule. Palipo na uhai, kitaliwa."

Akazika. Siku ya arobaini akafukua cha Miritini, akarudi mahameni kufukua cha pili. Yu magotini anachimba, Rama akatokea. Akaiona nguo nyeupe, ina mchanga, mkononi mwa dada aliyekosana naye.

"Sanda! Wanizika hai, Mwanatatu? Wallahi nitakuitia watu!"

Akalinyakua jembe, akaliinua. Mwanatatu aliingiwa na hofu hasa, maana wanawake wamefukuzwa makwao kwa neno dogo kuliko hilo. Lakini hakukimbia.

"Nipige, lakini tazama kwanza. Hii ni ya Miritini." Bafta ilikuwa nzima, ina madoa ya oili tu. Akatia mkono shimoni, akatoa nyuzi tatu nne zilizonasa mizizini, zikamkatikia vidoleni. "Na hii ni ya hapa. Imeliwa. Kule hakuna hata wa kuila. Ndiko wataka nikapande?"

Jembe likashuka. Rama akakaa chini kama mgonjwa.

"Dada, nimekwisha tia dole gumba. Jana. Tingatinga laja adhuhuri."

Mwanatatu alitaka kulia, hasira ikamkataza. Watu wa kale walimwaga jivu lao na magamba ya samaki hapa karne kwa karne, na mpumbavu mmoja kaliuza shamba kwa kidole! Akakazia macho ule udongo mweusi. Kitu kilicho hai huhamishika. Hamira kidogo huumusha unga mwingi. Akachota karai la kwanza la kwenda Miritini.

"Nisamehe, dada'ngu," Rama akasema, akilia.

"Msamaha utaniomba njiani. Kalete mkokoteni."