Wakili wa Chupa ya Kahawa

Leo nimeshinda kesi hapa Jeddah, tena bila kusomea sheria.

Haya, sikushinda. Aliyefungwa ni mimi wakili.

Chupa ya kahawa ya wageni imekutwa imevunjika. Madam akamuuliza Halima wa jikoni, "Ni wewe?"

Halima kimya.

Mwalimu wake ni mimi! Nilimwambia Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa mtu akikamatwa ana haki ya kunyamaza.

Madam akasema, "Hujibu? Halas, yamekwisha, Ijumaa hutoki."

Na Ijumaa ndiyo siku dadake anakuja kutoka Riyadh!

Halima akaninyooshea kidole. "Madam, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua pia asiye na uwezo apewe wakili. Wangu ni huyu mzee, dereva wako."

Madam akanigeukia. "Haya wakili, sema."

Nikakohoa. Ile haki ya kunyamaza ikanitoka kichwani kabisa.

"Madam, niliivunja mimi, nikiiba kahawa kikombe kimoja."

Alicheka mpaka akakaa chini. Hukumu: Ijumaa Halima anatoka, mimi nafua mazulia ya sebuleni.

Wenzangu wa kundi hili, chekeni tu.

Lakini Halima, najua unasoma hapa. Wakili wako anadai mandazi ya mtaa wa Karantina. Mawili, yenye iliki.