Bursi, Basari na Mkopo

Nimelala katika miji mingi kuliko madarasa niliyokalia. Shule niliiacha Morogoro nikiwa kidato cha pili, na sababu yake haina uzito wowote: lori la vitunguu lilikuwa linakwenda Iringa, dereva akasema kuna nafasi. Baada ya Iringa kukawa na Karonga, kisha Tete, kisha Johannesburg, na kila nilipofika nilikuwa na maswali mengi kuliko mizigo. Sijui ugonjwa huu unaitwaje. Nikiona mtu anachimba shimo barabarani, lazima nisimame niulize ni la nini.

Ndiyo maana najua habari za fedha za chuo kikuu, mambo ambayo mtu wa kidato cha pili hana haja nayo.

Wakati huo nilipanga chumba cha nyuma kwa fundi cherehani mmoja wa Bukavu, mjane, pale Bertrams, mtaa wa Johannesburg, karibu na uwanja wa michezo. Chumba cha mbele cha nyumba ndicho kilikuwa karakana yake: mashine mbili, moja yake na moja isiyo na mtu, na vitambaa hadi juu ya friji. Siku za mechi magari yaliegeshwa hadi kwenye geti letu, na kelele za mashabiki zilizidi mlio wa mashine. Yeye alishona tu. Alisema mashabiki ni kama mvua, hainyeshi milele.

Mimi nililinda magari nje ya maduka huko Randburg, nimevaa kizibao kinachong'aa. Huko ndiko nilikojuana na Mkenya mmoja mfanyakazi wa benki. Siku moja alinisikia nikibishana kwenye simu, akashusha kioo akasema, "Wewe ni Mbongo. Mbongo tu ndiye anatukana mtu na bado anamwita ndugu yangu." Tangu siku hiyo alikuwa akikaa garini dakika kadhaa tuongee Kiswahili kabla hajarudi kwenye Kiingereza chake cha kazini. Mke wake alipotaka gauni la kitenge, nilimpeleka kwa mama mwenye nyumba wangu. Tangu hapo Mkenya akawa anakuja Jumamosi, gauni likiwepo au lisipokuwepo.

Mama alikuwa na binti mmoja, aliyezaliwa hapa hapa. Mama yake alimsemesha Kiswahili, yeye akamjibu Kiingereza. Majirani aliwajibu Kizulu. Mimi alinisemesha Kiswahili cha Kibukavu kilichochanganywa na vyote hivyo, akaniita anko, akanicheka nikisema "naomba" kabla ya kila kitu. Alimaliza sekondari kwa alama zilizomfanya mama yake azungumze peke yake akishona. Chuo kikuu kimoja hapa mjini kikampa nafasi ya kusomea uhandisi wa maji, na pamoja na nafasi kikampa msaada, kwa kuwa kipato cha mjane mwenye cherehani hakitoshi kulipa ada na bweni.

Hapo ndipo tulipoanza kubishana kuhusu jina.

"Ni bursi," mama alisema. "Kwetu, mutoto mwenye akili anapewa bursi. Serikali inatoa, mutoto anasoma, batu banafurahi."

"Mama, kwetu hiyo ni basari," Mkenya akasema. Alikuwa amesimama mikono juu, akisubiri kupimwa shati. "Na basari haiangalii akili sana. Inaangalia nani hajiwezi."

Mimi nikasema kwetu ukisikia mwanafunzi wa chuo ana pesa, ana mkopo. Bumu, yaani pesa ya kujikimu, likiingia anakula chipsi kuku, akimaliza chuo anaanza kukatwa mshahara.

"Tanzania munapenda madeni," mama alisema, na sindano mdomoni.

"Hatupendi, mama. Tumezoea."

Binti alitusikiliza kama mtu anayetazama wazee watatu wakibishana bei ya ng'ombe aliyekwisha kuchinjwa. Akasema, "Eish," akarudi kwenye simu yake.

Kabla chuo hakijafunguliwa, ikaja habari ya pili. Chuo kilimpa tuzo ya alama bora. Hii haikuwa na uhusiano na ujane wala cherehani; alama zake zilikuwa zimeivuta zenyewe. Mama alipika sombe, kisamvu cha kwao, na samaki, akaita watu wa kanisa, wakaimba hadi jirani akagonga ukuta. Mkenya alileta soda. Nilisema kwa sauti kubwa methali ya kwetu, aliyepewa hapokonyeki, watu wakapiga makofi. Nilijisikia msomi.

Wiki iliyofuata binti aliingia karakanani, simu mkononi, uso umebadilika. Ilikuwa Jumamosi, kwa hiyo sote watatu tulikuwepo.

"Wamekata," alisema.

"Wamekata nini?" mama akauliza.

"Msaada. Tuzo imeingia, wao wamekata msaada sawasawa na tuzo. Sina hata senti ya zaidi."

Mama alisimamisha mashine. Aliniangalia mimi, mwenye methali.

Mkenya ndiye aliyejaribu kuieleza. Alisema chuo hupiga hesabu ya gharama zote za mwanafunzi kwa mwaka, ada, bweni, chakula, vitabu, na msaada wote, tuzo ikiwemo, haupiti hapo. "Mama, mteja akikuletea kitambaa zaidi, unamshonea gauni kubwa kuliko mwili wake?"

"Hapana. Kinachobaki ninamurudishia."

Foronya za mito ya nyumba ile zote zilikuwa vipande vya vitenge vya wateja, na Mkenya alikuwa ameegemea mto mmojawapo uliofanana kabisa na gauni la mke wake.

"Ndio hivyo," alisema kwa adabu. "Na chuo pia kinarudisha kilichobaki. Mfukoni mwake chenyewe."

Niliuliza, kwa sababu siwezi kutouliza, wamekata wapi hasa. Msaada ni kitu kimoja au ni vitu vingi? Binti akasoma sehemu moja moja. Ya kwanza ilikuwa ruzuku, ambayo hairudishwi. Ya pili ilikuwa mkopo. Ya tatu ilikuwa kazi ya saa chache kila wiki, kupanga vitabu maktabani. Tulitazamana. Bursi ilikuwemo, basari ilikuwemo, mkopo ulikuwemo, vyote ndani ya neno moja la Kiingereza, package, na kila mmoja wetu alikuwa ameona lile la kwao tu. Tuzo ilipoingia, iliyopungua ilikuwa ruzuku. Mkopo ulikuwa umekaa pale pale, mzima, umenenepa.

"Kwa hiyo kuna deni," mama alisema polepole.

"Lilikuwepo tangu mwanzo, mama," binti alisema. "Nilikuambia ni package."

"Uliniambia pakeji. Mimi nikasikia bursi." Alikunja kitambaa alichokuwa akishona, ingawa hakikuwa kimeisha. "Deni ilimufuata kaka yangu toka Bukavu mpaka Uvira. Mimi sikuvuka nchi zote hizi mutoto wangu aanze maisha na deni kwenye mugongo. Kama iko deni, haendi. Mashine ya pili iko pale."

Binti aliiangalia mashine ya pili.

Mkenya alimaliza soda yake. Nje, kwenye geti, alimwambia binti, "Nenda ukawaulize kwa nini wamekata ruzuku wakaacha mkopo. Mimi sijui kama inabadilishwa. Lakini kwenye benki yangu, asiyeuliza analipa makato yote."

Tatizo likawa mama. Kwao, alisema, mtu akikupa kitu humuulizi. Ukiuliza unaonekana mwenye tamaa, na mwenye tamaa hunyang'anywa hata kile alicho nacho. Binti akasema atakwenda peke yake. Mama akasema mutoto wa kike haendi peke yake kuomba. Binti akasema haendi kuomba, anakwenda kuuliza. Walibishana hivyo siku mbili, mmoja kwa Kiswahili, mwingine kwa Kiingereza, mimi katikati nikila. Mwishowe mama alikubali kwa masharti mawili: na yeye aende, na waanze kwa kushukuru. Mimi nilikwenda kwa sababu nilikuwa sijawahi kuona ndani ya chuo kikuu.

Mama alivaa nguo za kanisani. Chini ya kwapa alibeba kitambaa cha meza alichokitarizi mwenyewe, maua mekundu pembeni, kimefungwa vizuri kwenye karatasi.

Ofisi ilikuwa na foleni ya vijana na wazazi, mtambo wa kutoa namba, na mwanamke wa makamo nyuma ya meza aliyekuwa na sauti ya upole. Tulipofika kwake, binti alifungua mdomo, lakini mama alikuwa ameshasimama. Alishukuru kwa Kiswahili, binti akitafsiri kwa Kiingereza. Alimshukuru Mungu, akakishukuru chuo, akamshukuru yule mwanamke, akawashukuru wazazi wa yule mwanamke. Binti alianza kutafsiri nusu nusu. Kisha mama akaweka kitambaa mezani.

Yule mwanamke aliyagusa maua, akatabasamu kwa masikitiko. Alisema hawezi kukipokea. Kila anachopewa lazima akiandikishe kwa wakubwa wake, na kikizidi kiwango anakirudisha.

"Hata zawadi?" mama akauliza kupitia binti.

"Hata zawadi. Ni sheria hiyo hiyo ya binti yako. Akipata tuzo lazima itajwe, na jumla isipite kiwango."

Mama alikaa. Nilimwona akiigeuza habari ile kichwani kama mtu anayetafuta upande wa mbele wa kitambaa. Mwanamke mwenye ofisi, mwenye kiyoyozi, naye anarudisha zawadi. Nadhani hapo ndipo alipoacha kuona kwamba binti yake amenyang'anywa.

Binti akatumia nafasi hiyo. "Sawa, jumla isipite. Lakini kwa nini mmepunguza ruzuku? Kwa nini hamkupunguza mkopo?"

Yule mwanamke aliitupia macho kompyuta. Alisema mfumo wenyewe huanza na ruzuku, kwa sababu hiyo inatoka mfukoni mwa chuo. Ila mwanafunzi akiomba, na kama aliyetoa tuzo hakukataza, wanaweza kupanga upya: tuzo ipunguze mkopo kwanza, kisha kazi, na ruzuku iguswe mwisho. Akaangalia masharti ya tuzo. Hayakukataza.

"Wengine wote hawaulizi?" nilidakia.

"Wewe ni nani?" aliniuliza.

"Anko," binti alisema haraka.

"Wachache wanauliza, anko." Akamgeukia binti. Tuzo haikutosha kufuta mkopo na kazi vyote viwili. Ingetosha kufuta mkopo, au kufuta kazi na sehemu ya mkopo. Na kuna jambo la kujua: tuzo ni ya mwaka mmoja mmoja, na inataka alama zisishuke. Zikishuka, tuzo inaondoka, na pengo litajazwa na mkopo. Ruzuku haitapanda kulijaza.

Binti alimtafsiria mama yote, pamoja na hilo la mwisho. Nilimheshimu kwa hilo, angeweza kuliruka.

"Afute kazi," mama alisema mara moja. "Asome. Haendi pale kupanga vitabu."

"Mama, ulisema deni."

"Nilisema deni. Sasa ninasema kazi. Utapanga saa ngapi, utasoma saa ngapi?"

"Nitavisoma nikivipanga."

"Usinichekeshe ofisini kwa batu."

"Kazi inaisha siku ikiisha. Mkopo hauishi." Alisema hivyo kwa Kiswahili, bila neno la Kiingereza hata moja, na nadhani mama alisikia jambo hilo kabla ya kusikia maana yake.

"Na ukianguka?"

"Nikianguka mkopo unarudi. Sijafichi."

"Sifichi," nilimsahihisha kimya kimya. Wote wawili hawakunijali.

Mama aliuliza swali moja tu zaidi, na aliliuliza kwa yule mwanamke moja kwa moja, kwa Kiingereza chake cha sokoni ambacho huwa hakitoi mbele ya binti. Maktaba ina mlinzi? Yule mwanamke akasema ina mlinzi, na taa nyingi. Mama akaitikia kwa kichwa. Binti akaandika ombi pale pale, na yule mwanamke akarekebisha hesabu kwenye kompyuta mbele yetu. Mkopo ukawa sifuri. Akasema kwa kuwa mambo yamekamilika, binti anaweza kwenda kupigwa picha ya kitambulisho siku hiyo hiyo.

Tulimsubiri kwenye benchi nje. Alirudi na kadi shingoni, picha yake imetoka vibaya, akasema anataka kuiona hiyo maktaba kabla hatujaondoka. Tukaenda naye hadi mlangoni, lakini geti la ndani hufunguka kwa kadi tu. Aliigusisha, taa ikawa ya kijani, akapita. Sisi tukabaki upande huu.

Mama alimwambia kupitia kioo asichelewe, kuna shati la papa wa benki, yule Mkenya, linasubiri vifungo. Binti alipunga mkono, akapotea kati ya rafu za vitabu. Alikaa humo muda mrefu. Mimi nilitaka kumuuliza mlinzi vitabu vile vinapangwa kwa utaratibu gani, nikajizuia. Mama alisimama pale, pua karibu na kioo, na binti alipotoka mwishowe hakumuuliza kwa nini amechelewa.