Mama mkwe alifungua tanuru langu la vioo, sasa ukoo unataka nilivunje

Admin, naomba jina langu libaki kwako. Najua wapo watakaonitambua, maana hapa Bariadi anayeyeyusha vioo ni mimi tu, na kama watanitambua, wanitambue. Nimechoka kujificha.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, nimeolewa, nina watoto watatu. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Kabla ya ndoa nilifanya kazi Mwanza kwa fundi wa madirisha ya vioo, na vile vipande vilivyokuwa vinatupwa ndivyo vilivyonipa wazimu huu. Nakata vioo vya rangi, navipanga kimoja juu ya kingine mpaka vitoe picha, naviingiza kwenye tanuru la umeme, vinalainika na kushikana vinakuwa kitu kimoja. Natengeneza sahani, hereni, saa za ukutani. Mtaani wananiita mpika chupa. Mwanzoni niliumia, siku hizi nimeliandika jina hilo kwenye kibao cha duka.

Sasa mnielewe kitu kimoja, maana ndipo ugomvi ulipo. Kioo kikishaiva hakitolewi. Unazima tanuru, unaliacha limefungwa lipoe lenyewe taratibu mpaka kesho yake. Ukilifungua likiwa bado la moto, baridi inakipiga kioo kinapasuka, na hakuna gundi ya kukurudishia kazi yako.

Mwezi uliopita nilipata oda ya hoteli moja ya Lamadi, wale wanaopokea watalii. Walitaka picha kubwa ya ukutani, shamba la pamba iliyochanua. Nilihangaika na ule weupe wa pamba mpaka nikaupata. Asubuhi nikaacha vipande vyote ndani ya tanuru vinapoa, nikaenda sokoni.

Huku nyuma mama mkwe akafika kutoka Maswa bila taarifa, na mfuko wa matobolwa ya wajukuu zake. Vile viazi vilivyochemshwa na kukaushwa vilikuwa vimenyeshewa njiani kwenye bodaboda. Mama mkwe wangu hajawahi kuacha joto lipotee bure, hata majivu ya moto anayachomekea kiazi. Akagusa lile tanuru, akasikia vuguvugu, akafungua mlango na kumwaga matobolwa yake juu ya kazi yangu yakauke.

Vioo vikaanza kulia. Ta! Ta! Kimoja baada ya kingine. Niliporudi nilimkuta nje ya geti amekaa chini, kanga imemdondoka.

"Mayu, mama, kuna nini?"

"Ng'wanone, mwanangu, lile jiko lako linasema. Limenisemesha mimi, gete, kweli kabisa. Humo kuna watu."

Nikakimbilia ndani. Nilipoiona ile pamba yangu imekatikakatika chini ya viazi, nilipiga kelele, "Mayu, umeniua!" Majirani walisikia. Hadi jioni habari ilikuwa imefika Nyalikungu, kule kwao Maswa, ikiwa imeota mikia: mke wa mwalimu kamfokea mama mkwe, na tena anafuga mizimu kwenye tanuru.

Ukoo ukakaa. Baba mkubwa wa mume wangu ndiye aliyeleta uamuzi: nitoe mbuzi kumwomba mama radhi, kisha Jumapili hii nilivunje tanuru kwa mkono wangu mwenyewe mbele yao. Nikikataa, nirudi kwetu.

Mbuzi nimekubali. Nilimpazia mama sauti, na mila ni mila. Tena nitatoa beberu mnono wasipate cha kusema. Lakini tanuru? Yaya. Hapana. Sivunji.

Kilichonichoma moyo ni mume wangu. Huyu mtu anafundisha sayansi darasa la saba. Glasi ya baridi ukiimwagia chai ya moto inapasuka, hilo anawafundisha watoto wa watu kila mwaka. Nikamwambia, "Baba Neema, si ungewaeleza?" Akanijibu huku anaangalia simu, "Nitawaelezaje wakubwa zangu, wanione natawaliwa na mke? Vunja yaishe, utanunua lingine baadaye."

Yaishe! Bati lililo juu ya kichwa chake limetoka kwenye vioo. Admin usilifute hilo, nataka alisome.

Mama mkwe simchukii, nisingizieni vyote ila si hilo. Uzazi wangu wote alinihudumia yeye, ananikanda kwa maji ya moto na kunipikia uji. Tangu siku ile amefikia kwa wifi yangu, na akija kuwaona watoto anaishia getini. Juzi nilimtolea kiti pale nje, nikamweleza kuwa ni vioo tu vilikuwa vinapasuka. Akanishika mkono. "Sikutaka kukuharibia, ng'wanone. Unayosema nayaamini. Ila masikio yangu yalisikia." Akitaka tanuru livunjwe si kwa chuki, anaogopa wajukuu wake wataliwa na hiyo mizimu. Hilo ndilo linalonitoa machozi, siyo maneno ya ukoo.

Kwa hiyo msiniandikie nivumilie, wala msiniandikie niondoke. Kazi siachi na nyumba siachi. Hoteli imeniongezea muda, vioo vipya nimeshavikata, Jumamosi nawasha. Jumapili wakija na nyundo yao watalikuta la moto, tuone nani atatangulia kulisogelea. Hao niachieni mimi, nitawamudu. Ninyi nishaurini kuhusu mama tu: nifanye nini avuke lile geti, aingie ndani, akae na mimi tusubiri lipoe, halafu alifungue yeye mwenyewe?