Wali wa Dada, Mlenda Wangu

Dada yangu alirudi kwetu Zuzu Krismasi ikiwa imekaribia, na kikapu cha nazi, mchele na kibao cha kukunia, na hata hajakaa nilikuwa nimekwisha kuvichukia vyote. Aliolewa na mtu wa kusini, mmoja wa waliokuja kutandika reli ya Wadachi, na kazi ilipopita kwetu akamfuata mumewe mpaka kwao Lindi. Nyumbani tukabaki mimi na mama. Mwaka wa njaa mimi ndiye niliyechimba mizizi porini.

"Shikamoo, mama!" dada alisema mlangoni, kwa Kiswahili cha pwani. Kwetu tuliamkiana kwa mbukwa, na mimi ningejaribu madaha kama yale ningesemwa hadi jioni. Mama alicheka mpaka akakohoa.

Hata vumbi la safari hajanawa, akatangaza, "Mwaka huu chakula cha sikukuu napika mimi. Mtakula kama tunavyokula kusini."

Nilimtazama mama. Chakula cha Krismasi kilikuwa changu tangu dada alipoondoka: ugali wa uwele, mboga ya mlenda, na nyama ikipatikana. Nilitaka aseme hivyo tu, kwamba hicho ni cha mdogo wako.

"Pikeni wote," akasema mama.

Wote! Kama vile mafiga ya ndani yalikuwa ya kuazimana. Dada aliyachukua bila kuuliza. Mimi nikaokota mawe yangu, nikawasha moto nje, upande wa upepo, nikala moshi.

Siku yenyewe, tulipotoka kanisani, wanawake wa jirani walijazana kwetu kumwangalia dada akikuna nazi. Aliwagawia machicha wakatafuna, wakasifu. Mlenda nani auangalie? Kila mmoja ana wake nyumbani. Nilisikia harufu ya wali ikitoka ndani, nikameza mate, nikajichukia kwa kuyameza. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sikuona nilichopona mimi, zaidi ya macho kuwasha.

Wanaume tuliwapakulia uwanjani. Sisi tuliketi na mama juu ya ngozi, sinia la wali upande huu, ugali wangu na bakuli la mlenda upande ule. Niliapa moyoni sitagusa wali ule, na sikuugusa. Nilichotaka ni mkono wa mama uje kwangu kwanza.

Ulikwenda kwenye wali.

"Ahsante, mwanangu," akasema. Akala tena. "Ahsante sana. Mungu akubariki."

Miaka yote niliyompikia sikuwahi kusikia ahsante. Nilimwona dada ameinamisha kichwa, nikadhani anaficha furaha.

Ndipo mama akamega ugali, akachovya kwenye mlenda, akakunja uso.

"Magadi yamezidi. Ulikuwa unafikiria nini? Na ugali hukuusonga ukaiva. Kesho usiniletee mlenda wa namna hii."

Mbele ya wanawake wote! Nikainuka kuliondoa bakuli, machozi yako karibu. Mama akalishika ukingo.

"Unalipeleka wapi? Sijashiba." Akaendelea kuchovya na kunung'unika mpaka bakuli likaisha. Kwenye wali hakurudi tena.

Baadaye nilimkuta dada nyuma ya tembe, anakwangua ukoko. Nilikuwa nimebeba maneno yangu tayari.

"Si umefurahi? Umeshukuriwa."

Hakunitazama. Alinipa kipande cha ukoko. "Onja."

Nikaonja. Chumvi ilikuwa imezidi, tena sana, mpaka ulimi ukakunjamana. Nilikumbuka jinsi mama alivyomeza na kubariki.

"Hata wewe umeisikia," akasema dada. "Na yeye ameisikia. Zamani angenirushia mwiko."

Aliendelea kukwangua chungu ambacho hakikuwa na kitu tena.

"Mimi kanishukuru kama mpita njia," akasema. "Wewe kakwambia kesho."